KOCHA NAYE NI MWALIMU: TIMU HULELEWA SIKU YA KUFUNGWA

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. 

UTANGULIZI

Wanafunzi wetu wengi wakishafunga misahafu na kusali Alasiri hawendi moja kwa moja nyumbani. Hupitia uwanjani. Huko wanamkuta mtu ambaye hukaa nao saa moja na nusu kila siku, mara nne au tano kwa wiki, na neno lake wanalishika kuliko hata neno la baba zao. Mtu huyo ni kocha. Katika viwanja vyetu vya mchangani vijana hawamwiti kocha siku zote. Mara nyingi humwita "Mwalimu". Jina hilo si dogo. Anayeitwa mwalimu amekabidhiwa watoto wa watu, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila aliyepewa watu wa kuwasimamia ni mchunga wao, naye ataulizwa juu yao.

Mwaka huu tumeona tulete somo hili kwa sababu tatu. Kwanza, baadhi ya vijana wetu wakubwa wameanza kufundisha timu za wadogo zao mitaani. Pili, wazazi wengi huuliza kama mpira unamharibu mtoto au unamjenga. Tatu, tunajua wapo watoto walioacha timu si kwa sababu hawakuupenda mchezo, bali kwa sababu ya neno moja walilotupiwa mbele ya wenzao. Mtoto wa namna hiyo haachi mpira peke yake. Huacha na marafiki wema aliokuwa nao, akatafuta wengine vijiweni, na hapo ndipo mzazi huanza kumtafuta usiku.

Jawabu letu kwa swali la wazazi ni kwamba mpira wenyewe hauharibu wala haujengi. Kinachojenga au kuharibu ni mwenendo wa timu, na mwenendo huo huanzia kwa kocha. Wala hauonekani vizuri siku ya kushinda, kwani siku hiyo kila mtu ni mwema. Huonekana siku ya kufungwa.

MWENENDO WA TIMU NI NINI?

Ifahamike kwamba mwenendo wa timu si jezi, wala si wimbo wa kuingilia uwanjani, wala si maneno mazuri yaliyobandikwa ukutani. Mwenendo wa timu ni yale mambo ambayo wachezaji huyafanya bila ya kuambiwa. Ukitaka kuujua, nenda kawaangalie mazoezini ukiwa umekaa kando, ujiulize maswali haya:

Nani huokota mipira baada ya mazoezi, ni wadogo peke yao au hata nahodha? Mchezaji mgeni akifika, nani humsalimia wa kwanza? Golikipa akifungwa goli la kizembe, wenzake wanamwendea au wanampa mgongo? Adhana ya Magharibi ikilia, wanatazamana kumsubiri kocha au wameshaanza kukusanya vitu? Kocha akichelewa, mazoezi yanaanza au yanageuka ugomvi?

Majawabu ya maswali haya ndiyo mwenendo wa timu hiyo. Kila timu inao, uwe mwema au mbaya. Kocha asiyeujenga kwa makusudi ataukuta umejengwa na wengine, na aghalabu hujengwa na yule kijana mwenye sauti kubwa kuliko wote.

FUNZO LA UHUD

Katika sira ya Mtume wetu (S.A.W.) liko tukio moja ambalo kila kiongozi wa watu, awe mkubwa au mdogo, anapaswa kulisoma. Tukio hilo ni la vita vya Uhud, katika mwezi wa Shawwal mwaka wa 3 Hijria, sawa na mwaka 625 Miladia. Vita si mchezo, na hatutaki msomaji afananishe damu za mashahidi na mechi ya jioni. Tunachokitafuta ni namna kiongozi alivyoishi na watu wake baada ya kukosea.

Habari ilipofika kwamba jeshi la Makka linakuja, Mtume (S.A.W.) aliwataka ushauri Maswahaba zake. Rai yake mwenyewe ilielekea kubaki Madina na kuupigania mji kutoka ndani. Lakini wengi, hasa vijana ambao hawakubahatika kuwepo Badr, walipenda kutoka. Mtume (S.A.W.) akaifuata rai hiyo, akavaa deraya yake akatoka. Njiani Abdullah bin Ubayy akarudi nyuma na watu wapatao 300, wakabaki kiasi cha watu 700.

Pale Uhud, Mtume (S.A.W.) akawaweka warusha mishale 50 juu ya kilima kidogo, chini ya uongozi wa Abdullah bin Jubayr (R.A.). Amri yao ilikuwa wazi: wasiondoke mahali pale, Waislamu washinde au washindwe, mpaka atakapowatumia ujumbe. Mwanzoni Waislamu walishinda. Warusha mishale walipoona adui anakimbia na ngawira zimetapakaa chini, wengi wao wakateremka. Kiongozi wao akawakumbusha amri, wasimsikilize, na akabaki na wachache tu. Wapanda farasi wa Makka wakazunguka kwa nyuma. Waislamu wapatao 70 wakauawa, akiwemo Hamza (R.A.), ami yake Mtume (S.A.W.). Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni na jino lake likavunjika.

Sasa, ndugu msomaji, simama hapa kidogo. Kosa liko wazi, waliokosea wanajulikana, na hasara haina kifani. Kiongozi yeyote wa kibinadamu angewafukuza watu wale, au angewataja kwa majina mbele ya watu mpaka kufa kwao. Na rai ya vijana waliotaka kutoka ingekuwa sababu ya kutowashauri tena.

Ikateremka katika Suratu Aal Imran, aya ya 159, kinyume chake. Mwenyezi Mungu (S.W.) akaeleza kwamba ule upole wa Mtume kwa watu wake ni rehema itokayo Kwake, na kwamba lau angekuwa mkali na mwenye moyo mgumu watu wangelimkimbia. Kisha akamuamrisha awasamehe, awaombee maghfira, na aendelee kushauriana nao. Na anapokwisha kukata shauri, amtegemee Mwenyezi Mungu.

Iko na jambo la pili ambalo wengi hulipita haraka. Kesho yake tu baada ya Uhud, Mtume (S.A.W.) aliamrisha kutoka kumfuatia adui mpaka Hamraul Asad. Akaagiza kwamba wasitoke ila wale waliokuwepo Uhud jana yake. Swahaba Jabir bin Abdillah (R.A.) alilazimika kuomba ruhusa maalumu, kwa kuwa siku ya Uhud alibakishwa na baba yake kuwaangalia dada zake. Basi watu walewale walioshindwa jana, wengine wakiwa na majeraha mabichi, ndio walioaminiwa leo. Hakuletwa mwingine badala yao. Wakatoka, na Qur'ani ikawasifu katika sura hiyohiyo, aya ya 172.

Kwa kocha wa watoto, hapa pana darasa zima. Mchezaji aliyekosa penalti Jumapili, siku ya Jumatatu anahitaji kuona kwamba nafasi yake bado ipo.

MAMBO MATANO YA KUYASHIKA

Katika aya hiyo ya 159 tunapata mambo matano ambayo kocha anaweza kuyapeleka uwanjani.

1. Upole

Upole si kukosa sheria. Warusha mishale walikuwa na amri kali na iliyo wazi. Upole ni namna ya kusema na namna ya kusahihisha. Anas bin Malik (R.A.), aliyemtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi tangu akiwa mtoto, amesimulia kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kuambiwa hata neno dogo la kuchukizwa, wala kuulizwa kwa nini amefanya hivi au hakufanya vile. Anas hakutoka mvivu. Alitoka mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Maswahaba.

Uwanjani, upole una njia zake. Sahihisha kitendo, usimtukane mtu. Kumwambia kijana "ulichelewa kurudi, wakati mwingine rudi mara tu tunapopoteza mpira" ni kumfundisha. Kumwambia "wewe mzito kama gunia" hakumfundishi kitu, na jina hilo atalibeba mpaka skuli. Suratul Hujurat, aya ya 11, imekataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, wala haikutoa ruhusa kwa ajili ya mpira. Toa sahihisho moja kwa wakati mmoja, kwa sababu mtoto anayepigiwa kelele za mambo matano hushika la kwanza tu, tena kwa hofu. Na jambo la aibu lisemwe pembeni, si mbele ya timu nzima.

Tuongeze na hili: usifanye kukimbia kuwa adhabu. Kijana anayezungushwa uwanja mara kumi kwa kosa atajifunza kuchukia kukimbia, nako ndiko kunakompa pumzi ya kucheza.

2. Kusamehe

Kusamehe maana yake ni kufunga ukurasa. Kosa likishazungumzwa likasahihishwa, lisitajwe tena wiki ijayo kwa mzaha. Aliyekosa penalti apewe kupiga ya kwanza katika mazoezi yanayofuata. Beki aliyejifunga akabidhiwe nafasi yake ileile. Wenzake wakiona kocha amefunga ukurasa, na wao watafunga. Wakiona kocha anacheka jina alilobandikwa, watalitumia mwaka mzima.

Ama kosa la makusudi, kama vile kupiga mtu au kutukana mwamuzi, lina adhabu yake iliyokubaliwa tangu mwanzo, na adhabu hiyo ni moja kwa mtoto wa kocha na kwa mtoto wa jirani. Akishaitumikia, naye amesamehewa.

3. Kuwaombea

Kocha awaombee wachezaji wake kwa majina, kwa siri yake na Mola wake. Moyo unaomwombea mtoto huona tabu kumtukana. Na kuombea kuna sura nyengine ya dhahiri, nayo ni kusimama mbele ya mchezaji pale watu wanapomshambulia. Timu ikifungwa, kocha awaambie wazee na mashabiki, "Maandalizi ni yangu, niulizeni mimi." Ikishinda, aseme, "Vijana wamefanya kazi." Kocha anayegeuza maneno haya, akachukua ushindi akagawa lawama, hatakuwa na timu muda mrefu.

4. Kushauriana

Baada ya kila mechi timu ikae duara chini, kocha naye akae chini pamoja nao. Yaulizwe mambo matatu tu: Tulifanya nini vizuri? Wapi tulipungukiwa? Wiki hii tufanyie kazi jambo gani? Waanze kusema wadogo, kwa sababu nahodha akianza wengine watamuitikia tu. Mwenye kosa asitajwe na mwenzake; ajitaje mwenyewe akipenda. Dakika kumi zinatosha.

Tusidhani kwamba kijana hana la kutuambia. Mwaka wa 5 Hijria Salman al-Farsy (R.A.) alileta rai ya kuchimba handaki, jambo ambalo Waarabu hawakulizoea, na mji ukasalimika kwa hilo. Na katika kuchimba, Mtume (S.A.W.) mwenyewe alibeba udongo pamoja na watu mpaka vumbi likamfunika tumbo. Kocha anayebeba koni na nyavu pamoja na wachezaji wake amefundisha bila ya kusema neno.

5. Kukata shauri na kumtegemea Mwenyezi Mungu

Shura haina maana ya kubishana mpaka filimbi. Watu wakishasikilizwa, kocha akate shauri, na wote walifuate. Kisha moyo umtegemee Mwenyezi Mungu peke yake. Tunalisema hili wazi kwa sababu msiba wa ushirikina umeingia katika mpira wetu. Hirizi ndani ya soksi, kuvunja nazi langoni, kuingia uwanjani kwa kupitia ukuta badala ya mlango, na michango ya wachezaji inayopelekwa kwa mganga. Haya yote yanajulikana. Timu ya Waislamu inayofanya hivyo imepoteza kabla ya kuanza, hata ikishinda magoli kumi. Mfungaji wetu ni mazoezi, na mshindishaji wetu ni Mwenyezi Mungu.

MFANO WA ZAMA ZETU: MOROCCO, 2022

Msomaji anaweza kusema kwamba mambo haya ni mazuri kwenye kitabu, lakini mpira wa leo ni ukali. Basi tumtazame Walid Regragui, aliyekuwa kocha wa Morocco mwaka 2022. Aliteuliwa mwishoni mwa Agosti 2022, na Kombe la Dunia lilianza Qatar tarehe 20 Novemba 2022. Hakupata hata miezi mitatu kamili. Katika wachezaji wake 26, 14 walizaliwa nje ya Morocco: Uholanzi, Ufaransa, Hispania, Ubelgiji na kwengineko. Wengine lugha za nyumbani ziliwapiga chenga. Na kiungo Hakim Ziyech, mmoja wa mafundi wao wakubwa, alikuwa ameshatangaza Februari 2022 kwamba hatarudi tena kuichezea nchi yake, baada ya kuachwa nje ya kikosi.

Kazi ya kwanza ya kocha ilikuwa ni kuwarudisha watu. Ziyech akaitwa na ukurasa ukafungwa. Familia za wachezaji zikaletwa Doha zikae karibu na vijana wao, na dunia ikaona mchezaji Achraf Hakimi akimwendea mama yake jukwaani baada ya kuishinda Ubelgiji. Na neno ambalo kocha alilikariri mpaka watu wa Morocco wakalifanya kuwa msemo lilikuwa "niya", ambalo sisi hulisoma katika hadithi ya kwanza ya Sahihul Bukhari.

Timu hiyo ilitoka 0-0 na Croatia, ikaifunga Ubelgiji 2-0 na Canada 2-1, ikaitoa Hispania kwa penalti na Ureno kwa 1-0. Katika mechi hizo tano iliruhusu goli moja tu, tena la kujifunga. Ikawa timu ya kwanza ya Afrika, na ya kwanza ya Kiarabu, kuingia nusu fainali ya Kombe la Dunia. Hapo ikafungwa na Ufaransa 2-0. Na baada ya kufungwa, wachezaji walikwenda mbele ya mashabiki wao wakasujudu, kama walivyosujudu waliposhinda.

Sijda ile ya siku ya kufungwa ndiyo tunayotaka vijana wetu waikumbuke. Kusujudu siku ya ushindi wengi wanaweza.

KOCHA NI WA WOTE

Imesimuliwa na Salama bin al-Akwaa (R.A.), katika Sahihul Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kurusha mishale. Akawatia moyo na akasema kwamba yeye yuko upande wa kundi mojawapo. Kundi la pili likasimamisha mikono. Alipowauliza sababu, wakajibu kwamba hawawezi kurusha ilhali yeye yuko na wenzao. Akawaambia warushe, na kwamba yeye yu pamoja nao wote.

Watoto wako hivyohivyo. Wakiona kocha ni wa wale watano wanaofunga magoli, waliobaki husimamisha mikono. Wanakuja mazoezini miili tu. Kwa hiyo:

Kwanza, wakati wa kugawa timu za mazoezi, usiwaache manahodha wawili wachague mmoja mmoja, kwani yule anayebaki mwisho kila siku anaaibishwa hadharani. Gawa wewe vizibao vya rangi.

Pili, acha michezo ya "ukikosa toka". Hutoka wa kwanza yule dhaifu, akakaa pembeni akiangalia, naye ndiye aliyehitaji mazoezi kuliko wote. Badala yake gawa viwanja vidogo, watano kwa watano, kila mtoto augusee mpira mara nyingi.

Tatu, kwa watoto walio chini ya miaka 13, kila aliyehudhuria mazoezi ya wiki apate dakika za kucheza katika mechi za kirafiki. Kwa wakubwa, aliyebaki benchi aelezwe sababu kwa heshima na aambiwe afanye nini ili acheze.

Nne, mchezaji aliyeumia atembelewe. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu kwa Muislamu mwenzake, na timu inayokwenda nyumbani kwa mwenzao aliyevunjika mguu haihitaji kufundishwa umoja.

Ama mabinti zetu, nao wana haki ya kuufanyia mwili mazoezi katika stara na mahali panapofaa. Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) akamshinda, na baada ya muda wakashindana tena, Mtume akamshinda, akamtania kwamba amelipa ile ya zamani. Utani huo wa upendo nao ni adabu ya mchezo.

KUSHINDA NA KUSHINDWA

Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia wake aitwaye al-Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake kijana akampita. Maswahaba wakasononeka mpaka ikaonekana nyusoni mwao. Mtume (S.A.W.) akawafahamisha kwamba ni desturi ya Mwenyezi Mungu kutokiinua kitu cha dunia ila hukishusha. Hakumlaumu ngamia, hakumtilia shaka bedui, wala hakutaka mbio zirudiwe.

Hapa kwetu tulishuhudia mfano wake mwaka 2017. Timu ya Zanzibar Heroes, chini ya kocha Hemed Suleiman "Morocco", ilifika fainali ya Kombe la Chalenji nchini Kenya baada ya kuzifunga Tanzania Bara na Uganda. Katika fainali ya Machakos, tarehe 17 Desemba 2017, ilitoka 2-2 na wenyeji, ikafungwa kwa penalti 3-2. Waliorudi hawakuwa na kombe, lakini watu walijitokeza kuwapokea kwa shangwe. Wazanzibari siku hiyo waliwafundisha watoto wao kwamba aliyejitahidi huheshimiwa.

WAZAZI PEMBENI YA UWANJA

Mzazi, usimfundishe mwanao kwa kelele wakati kocha anamfundisha. Mtoto hawezi kuwasikiliza wawili. Usimtukane mwamuzi, kwani mwanao anakusikia. Akirudi nyumbani, swali la kwanza lisiwe "Mmeshinda?" Muulize, "Ulisali Magharibi wapi? Ulimsaidia nani leo?" Na ukiona kocha anawatukana watoto au anawataka pesa za mganga, mwendee kwa adabu umwambie. Akikataa, mtoe mwanao.

MAKUBALIANO YA TIMU

Tunapendekeza kila timu ya wanafunzi wetu ianze msimu kwa makubaliano yafuatayo, yasomwe na wote, wazazi wakiwepo:

1. Mazoezi huanza baada ya sala ya Alasiri na humalizika robo saa kabla ya Magharibi. Ramadhani yatapunguzwa na kuwa mepesi.
2. Hakuna matusi, hakuna majina ya kebehi, kwa mchezaji wala kwa kocha.
3. Mavazi yasitiri uchi.
4. Vifaa hubebwa na wote kwa zamu, nahodha akiwemo.
5. Hakuna hirizi, hakuna mganga, hakuna kubeti wala kamari ya aina yoyote juu ya mechi.
6. Asiyehudhuria darasa la madrasa bila ya udhuru hachezi mechi ya wiki hiyo.
7. Mwamuzi habishaniwi. Nahodha peke yake huuliza, kwa adabu.
8. Tukifungwa, tunawapa mkono wapinzani kwanza, kisha tunakaa duara letu.

Makubaliano haya yawe machache, na yawe yale ambayo kocha mwenyewe anayafuata. Sheria ya kutotukana inayovunjwa na kocha wa kwanza ni bora isingeandikwa.

HITIMISHO

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu mieleka, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika. Kocha ana ghadhabu zake: mpira umepotezwa, mwamuzi amekosea, wazee wanapiga kelele, na mtoto wa miaka 12 amesimama langoni akimtazama ili ajue kama bado ni mmoja wa timu. Neno litakalotoka wakati huo ndilo litakalomleta mtoto huyo mazoezini kesho au litakalompeleka kijiweni.

Vikombe vya mitaani hupata kutu na jezi huchakaa. Vijana waliolelewa vyema ndio watakaosimama safu moja msikitini, na kesho ndio watakaofundisha watoto wetu. Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awape walimu wetu wa madrasa na walimu wetu wa uwanjani moyo wa upole na haki, awahifadhi vijana wetu, na ajaalie kila jasho lao liwe katika kheri. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini Mtume (S.A.W.) aliamrishwa kuendelea kuwashauri Maswahaba hata baada ya Uhud?
2. Ni nani waliotoka kwenda Hamraul Asad, na hilo linamfundisha nini kocha?
3. Eleza tofauti baina ya kusahihisha kitendo na kumtukana mtu. Toa mifano miwili ya uwanjani.
4. Kwa nini michezo ya "ukikosa toka" haimsaidii mchezaji dhaifu?
5. Kaeni watano watano, muandike jambo moja ambalo timu yenu hulifanya bila ya kuambiwa. Je, ni jambo jema? Kama si jema, nani ataanza kuliacha?

Wabillahi tawfiq.